Sahani ya Muzee Anselme Haikuwa na Sumu

Bugali ilisimama mu kifua. Haikushuka, haikurudi. Tulikuwa tumekaa pembeni ya motopompi, mashini ya kuvuta maji mu shimo ya zahabu, ku Bambu, saa sita ya muchana, sahani ya sombe, majani ya muhogo, kati yetu wawili, mimi na Muzee Anselme. Nikakunywa maji ya baridi juu ya kusukuma ile tonge. Njo ikaharibika kabisa. Kitu ikanikamata katikati ya kifua kama mukono ya mutu anakamua nguo. Maumivu ikapanda mpaka ku taya, ikapita nyuma mu mugongo. Maji ikatokea ku pua. Mate ikaanza kutoka yenyewe, siwezi kuimeza. Nikaanguka mu matope nikipiga mateke kama mbuzi ya sikukuu.

Lakini nilikuwa nasikia. Mutu akianguka, watu wanafikiri masikio yake pia imeanguka. Mutu wa kwanza kusema hakuwa muchimbaji. Alikuwa Séraphin, pedeje wetu. Pedeje njo jina tunaita mwenye shimo, mwenye kuleta mashini na mazutu, mafuta ya dizeli.

"Wamemulisha sumu!" Séraphin alisema. "Nani alipika hii chakula?"

Wachimbaji wote wakaangalia mikono ya Muzee Anselme. Vidole ilikuwa ingali na bugali.

"Mimi njo nilipika," Muzee akajibu. "Na mimi pia nakula ku hii sahani, hamuone?"

"Mulozi anajuaka upande yake ya sahani," Séraphin akasema.

Ile neno ilitosha. Hakuna mutu alikula tena kitu ya mukono ya Muzee Anselme, mpaka mwaka huu. Na mimi nilikuwa na kitu ya kusema, kama haiko ile saa, basi ile jioni, basi kesho yake. Sikusema. Njo sababu naandika.

Mimi ni Baba Rachel. Nilifanya kazi ya mashini ya maji ku mashimo ya zahabu miaka zaidi ya makumi mbili. Nimeacha kazi, ao tuseme kifua yangu iliacha, mimi nikaifuata. Nilisoma mpaka darasa ya ine, kwa hiyo mwenye anatafuta Kiswahili ya ku redio afunge hii kaye, hii daftari, mapema. Naandikia vijana wenye wanapompa maji leo na wanafikiri koo ni ya chuma. Naandika nimesimama, kaye juu ya dirisha ya nyumba yangu hapa Lumumba, mutaa ya Bunia, juu nikiinama kisha kula, asidi inapanda. Mama Rachel anasema natembeatembea kama kuku inatafuta fasi ya kutaga. Aseme. Yeye analala muzuri.

Siku ya kwanza ku kazi, Muzee Anselme, mwenye alikuwa mukubwa ya mashini, hakunionyesha mashini. Aliniambia: "Fumba macho. Sikia. Inakunywa maji ao inakunywa hewa?"

"Sijue, Muzee."

"Basi fumba mpaka ujue."

Alikuwa ametoka ziwani, kule alikuwa akitengeneza mashini ya mitumbwi, na masikio yake ilikuwa kali kuliko ya mbwa. Pompi yenye inakunywa hewa inabadilisha sauti, inakuwa kama mutu anaongea na makamasi. Mara mingi haiko mashini imekufa, ni tiyo, bomba ya kunyonya maji, imetoboka katundu kadogo hata jicho haione. Unapakaa matope ku viungo, moja kwa moja, pole pole. Sauti ikirudi, tundu iko pale. Alinifundisha kukata juwe ya mupira, ile ya kuziba viungo, mu chambre ya kinga ya zamani, mupira ya ndani ya baiskeli, na kufunga kipande ya musikitere, chandarua ya mbu, ku mudomo ya tiyo, mawe isiingie. Mpaka leo nikisikia pompi ya jirani asubui, najua kama iko mugonjwa. Hakuna mutu ananiuliza, lakini najua.

Somo ya pili ilikuwa mazutu. Pipa ya mazutu inakaa juu ya ukingo, nzito, hakuna mutu anaiinamisha. Unaingiza tiyo, unaweka kinywa, unavuta, unatema, unapeleka tiyo mu bido, ile dumu ya pulastiki, haraka. "Usimeze," Muzee aliniambia. "Ukimeza, usiseme sikukuambia."

Nilimeza. Wachimbaji walicheka mpaka wakakaa chini. "Batiza!" walisema. "Sasa uko mashinisti!" Kwa siku tatu nilikuwa natoa hewa ya mazutu, na kila mutu mwenye kuwasha sigara alikuwa ananiomba kwanza ruhusa. Nilicheka pia. Vijana, hapa musicheke. Mukimeza, musijitapishe, docta aliniambia mazutu ikipanda inaweza kuingia mu mapafu, na pale njo inaua. Muende ku hopitali. Lakini siye tulikuwa tunakunywa mafuta ya ngazi, ile ya mawese, na kurudi ku kazi.

Hivyo mara mbili, mara tatu kwa siku, miaka. Ladha ya mazutu haitoke na maji, kwa hiyo unaitoa na pombe kali ya mihogo. Pompi haingojake mutu, kwa hiyo unakula umesimama, tonge kubwakubwa, chakula ya moto, maji ya baridi, kisha unalala pale pale juu ya gunia. Nikipata kiungulia, nakula udongo ya kuchoma, ile wamama wa mimba wanapenda. Wachimbaji wakaniita Mama Mimba. Siku moja tonge ikasimama kidogo, ikapita. Siku ingine tena. Nikajifunza kugeuka pembeni nikiikohoa. Mashinisti mugonjwa hana kazi.

Muzee Anselme aliona. Koo yake pia ilikuwa mbaya, kila asubui anakohoa kama mashini ya baridi. Alikwenda kusalimia watu wake ziwani, akarudi na mawazo. Ku mashini ya mitumbwi kunakuwa kitu ya mupira, sawa limau kubwa, mu tiyo ya esanse, petroli. Wanaita puare. Unaikamua na mukono mara tatu, mara ine, esanse inakuja yenyewe. Hakuna kinywa.

Siku ya kazi ya kwanza mu juma, mbele ya wachimbaji wote, Muzee akamuambia Séraphin: "Patron, tuletee puare moja tu. Kule ziwani hakuna mutu anakunywa mazutu. Samaki njo wanaikunywa, nao hawaipende."

Séraphin akajibu: "Kinywa iko bure, Muzee. Mungu alikupatia."

Watu wakacheka. Muzee akashika mwisho ya tiyo, akamunyooshea: "Na weye alikupatia, Patron. Leo tumia yako."

Pale watu walicheka ya kweli. Mutu moja aliachilia beshe yake ya kuchimbia ikaanguka mu maji. Séraphin peke yake hakucheka. Alivaa kofia, akaenda. Haikupita juma tatu, nikaanguka mbele ya sahani ya sombe.

Hawakunipeleka ku hopitali. Séraphin aliita mutu wa piki, wakaniweka katikati ya watu wawili, wakanipeleka Iga Barrière kwa Festo. Festo anajiitaka mutu wa kutoa sumu. Ni ndugu ya muke ya Séraphin. Watu walijua, lakini hakuna mutu aliona kama ni kitu ya kusema.

Musikie hii muzuri. Mbele tufike, kifua ilikuwa imejifungua yenyewe. Mu njia, mu vumbi, nilimeza mate, ikapita. Nikamuambia Séraphin, mwenye alitufuata na piki yake: "Patron, niko muzuri. Imeachilia."

"Sumu inajifichaka," alisema. "Kunywa dawa."

Festo alinipatia maji ya majani, chungu, bakuli nzima, kisha ingine. Nilitapika mpaka nikaona nyuzi za damu. Beseni ilikuwa mbele yangu, Festo ameinama juu yake na mukono ndani ya koti. Akachovya vidole, akanyanyua kipande ya nyama, kadogo kama kucha ya kidole cha gumba.

"Hii hapa," akasema.

Watu wa ku mulango wakafanya "Eeeh!"

Nyama. Ile sahani ilikuwa ya sombe tupu. Mimi na Muzee tulikuwa hatujakula nyama tangu juma ilianza, hata makayabu, samaki ya chumvi, hapana. Na nyama yenyewe ilikuwa safi, nyekundu, sawa imetoka ku buchari. Nilitapika bakuli mbili ya majani ya rangi ya kijani, na nyama ikatoka haina hata doa.

Niliona. Nilimuangalia Festo, naye akaniangalia, na tulijuana wawili. Séraphin akaweka mukono ku bega yangu: "Utapona. Ukirudi, mashini zote ziko zako. Muzee hatarudi pale."

Watu wenye kuandika habari ya kazi yao hawapende kutaja vyeo, wanaona ni majivuno. Mimi nataja hii moja, juu niliipata na kunyamaza.

Ile siku ile ile, kule Bambu, walitupa vyungu ya Muzee Anselme mu maji ya shimo. Aliondoka na miguu, sanduku ya vyombo ya kazi ku kichwa. Mutu moja aliniambia kisha kama alisimama mara moja tu, pembeni ya motopompi, akafumba macho, akasema: "Inakunywa hewa. Muangalie kiungo ya pili." Kisha akaenda. Wakaangalia kiungo ya pili. Ilikuwa imetoboka.

Nikawa mukubwa ya mashini. Kila siku nikaweka kinywa ku tiyo. Puare haikukuja. Kisha vita ikafika upande wetu, na cheo yangu nikaiacha mu nyasi pamoja na mashini zenyewe. Tulikimbia mpaka Iga Barrière, kutoka pale mpaka Bunia, mimi, Mama Rachel na watoto. Mu njia nilikuwa naogopa vitu mingi, lakini nilijiambia: angalau mwenye kunilisha sumu iko mbali. Nilikuwa nimejidanganya muda mingi mpaka nikaanza kuamini.

Lumumba, hata miezi mbili haikutimia, kifua ikakamata tena. Chakula ya Mama Rachel, mu nyumba yangu, mulango imefungwa. Nikalala chini. Ilipoachilia, nilimukuta amesimama na mwiko mu mukono, hata hakuinama kunisaidia.

"Baba Rachel," akasema, "ile ya Bambu ulisema ni Muzee Anselme. Hii ya leo, nani? Basi na mimi ni mulozi?"

Nikapangusa mate ku kidevu.

"Nijibu! Juu kama ni mimi, nivae nguo niende kwetu. Na kama haiko mimi, basi haikukuwa yeye."

Miaka yote ile, mimi na watu wote wa shimo, hatukupata ile hesabu ndogo. Yeye aliipata na mwiko mu mukono.

Kesho yake alinivuta ku hopitali. Docta, mwanamuke moja muchangamfu, hakugusa koo. Alianza na moyo, akaweka nyuzi ku kifua, juu maumivu ya kifua, alisema, kwanza moyo mpaka ujue kama siyo. Haikukuwa moyo. Wakanisimamisha mbele ya mashini ya kupiga picha, wakanikunywesha maji nyeupe kama chokaa, ile inaonyesha njia ya chakula inavyofanya. Docta akanionyesha picha. Njia yenye ilipashwa kunyooka kama tiyo ilikuwa imejipindapinda kama mukia ya nguruwe.

"Papa, hii tunaita spasimu," alisema. "Hii njia inasukumaka chakula kwa zamu, juu kisha chini. Yako inajikaza yote mara moja. Ikichoka, inaachilia."

"Haiko sumu?"

"Ukikunywa maji ya baridi inakamata? Ukikasirika inakamata? Ukikula haraka?"

"Ndiyo, Docta."

"Basi ile sumu iko na tabia sawa yako."

Nikamuuliza juu ya mazutu. Hakunidanganya. "Siwezi kuapa kama mazutu peke yake njo ilileta. Spasimu ingine inakujaka hatujue sababu. Lakini njia yako iko na vidonda, asidi ya tumbo inapanda, na hiyo inaikasirisha. Mazutu haikusaidia. Pombe haikusaidia. Na nani alikutapisha mpaka damu?"

Nikaangalia viatu yangu.

Vijana, andikeni hii ku ukuta wa kibanda ya mashini. Kula umekaa, mugongo imenyooka. Tonge ndogo, tafuna mpaka uchoke. Maji ya vuguvugu, haiko ya baridi, haiko ya moto. Usikule ukiwa na hasira. Kama pedeje amekutukana, ngoja kwanza. Kisha kula usilale, usiiname, masaa matatu. Mimi niliweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande ya kichwa; wiki ya kwanza nilikuwa nateremuka mpaka chini, Mama Rachel akanicheka. Pombe kali niliacha. Iko dawa ya asidi ya asubui mbele ya chakula, na iko ingine ya kulegeza njia, lakini ile docta njo anaipima, juu inashusha presha ya damu na kichwa inazunguka. Na kama kifua inauma na jasho inatoka, mukono inakuwa nzito, usiseme "ni ile koo ya Baba Rachel." Kimbia hopitali. Kama chakula inasimama kila siku na unakonda mpaka suruali inakuwa kubwa, kimbia pia.

Nilipotoka hopitali, nikaanza kumutafuta Muzee Anselme. Nilimupata ku site ya wakimbizi, pembeni ya muji. Anatengeneza mababula, ile majiko ya makaa, mbele ya kibanda yake. Wateja wanaacha babula mbali, wanarudia jioni. Hakuna mutu anakaa. Jirani yake moja aliponiona naingia akaniambia kwa sauti ndogo: "Papa, usikunywe maji pale." Jina ya mulozi ilikuwa imekimbia vita pamoja na yeye, na ilifika mbele.

Muzee alinyanyua kichwa. "Mashinisti," alisema. "Koo?"

"Haiko sumu, Muzee. Hopitali iliona. Picha iko hapa."

Hakuchukua picha. "Mimi nilijua haiko sumu. Mimi njo nilipika." Akapiga bati mara mbili na nyundo. "Weye ulijua wakati gani?"

Niliweza kudanganya. Nilisema: "Ku beseni ya Festo."

Akaweka nyundo chini. Kisha akasema: "Kumbe miaka yote nilikuwa nakuombea upone."

Nikamuomba anipikie. Sombe, bugali, inje, muchana, mbele ya kila mutu. Alikataa. Nikarudi kesho, akakataa. Siku ya tatu alipika bila kunijibu, akaweka sahani chini kati yetu. Watu wakaanza kusogea, wamama na maji ku kichwa, vijana, ule jirani pia. Mimi najua koo yangu: woga njo inaita spasimu kuliko maji ya baridi. Na kama ingenikamata pale, mukono yake ingehukumiwa mara ya pili, na mara hii hakuna docta angeweza kuisafisha.

Tonge ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita.

"Unakula kama mutu anahesabu misumari," Muzee akasema.

Ya tatu ikasimama.

Mama moja akashusha bido ya maji. Mukono ya ndani ya kifua ikaanza kukamua, taya ikauma, mate ikajaa. Nikasimama, nikanyanyua kiganja: mungoje. Nikapumua na pua, pole pole. Muzee hakusogea. Alifumba macho na kuinamisha kichwa upande yangu, sawa mutu anasikia pompi. Nikachukua kikombe ya maji ya vuguvugu, nikakunywa katone, nikangoja, katone ingine. Ikashuka. Nikaisikia inashuka yote.

"Imekunywa maji," Muzee akasema, macho imefumbwa.

Nikakaa tena, nikamaliza sahani. Kisha nikawaambia watu yote: mazutu, picha, beseni, nyama, na kinywa yangu yenye ilinyamaza juu ya cheo. Ule jirani alikuja akakaa. Alichukua tonge moja, ndogo sana, lakini aliimeza. Wengine walienda zao. Mama moja akasema nyuma yangu: "Ule ni mugonjwa tu, anajua nini? Patron wao mwenyewe njo alisema."

Muzee akasikia. Akakusanya sahani. "Umeona," akaniambia. "Ya kwako umelipa. Lakini neno yenye ilinifukuza haikutoka mu kinywa yako."

Basi, Séraphin. Najua uko hapa Bunia, najua uko na duka ya vipuri, na ku duka yako kunauzwa puare, zimepangwa ku ukuta, nimeziona na macho yangu. Hii kaye naipeleka mbele ya chef ya site, na ingine, yenye nimeandika maneno ile ile, naiacha ku mulango yako. Kuja na Festo. Festo aseme ile nyama ilitoka mu mufuko gani. Weye useme nani alikuambia ni sumu mbele hata sijaanguka muzuri. Museme mbele ya watu, na sauti ile ile yenye ulitumia ku Bambu. Kisha ukae chini. Muzee Anselme atapika, mimi nitaleta maji ya vuguvugu. Ulisema kinywa iko bure. Kuja na yako, ukule.